Muvi uliyoidharau ikakukalisha kitako: vichekesho na ngumi tu (uzi maalumu)

Mchovu wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu heshima zenu, wakubwa shikamooni.

Wiki iliyopita nilipanda basi Dar kwenda Mwanza. Kiti changu kilikuwa chini ya spika kabisa. Mpaka tunaiacha Morogoro tulishapigiwa kwaya, singeli na mahubiri, ili kila abiria aumie kwa zamu yake. Tulipovuka Gairo konda akachomeka flashi, ikatokea muvi ya Kizungu: mama mmoja mnene kakaa kwenye ofisi ya chini ya ardhi, kavaa vifaa vya masikioni, anamwelekeza jasusi mtanashati wapi apige na wapi akwepe. Nikasema moyoni, haya, leo ni zile za mtu mnene anaangukia keki. Nikashusha kofia usoni.

Aliyeniamsha ni mzee wa kiti cha pili, anashukia Nzega, ambaye tangu stendi hakuwa amenisemesha hata neno. Alikuwa anacheka huku anapiga goti. Goti langu, siyo lake.

Nikafungua macho. Kwenye skrini yupo Jason Statham, yuleyule wa kuvunja watu shingo, anajitapa kwa sura kavu kwamba mkono wake mmoja uliwahi kung'oka kabisa, akaurudishia kwa kutumia ule mwingine. Hacheki, hakonyezi. Anaongea vilevile anavyoongea kwenye muvi zake zote, na hapo ndipo nikagundua kuwa jamaa miaka yote ameongea hivyohivyo, ni sisi tu tulikuwa hatucheki.

Muvi inaitwa Spy, ya 2015, imeongozwa na Paul Feig, na mama mwenyewe ni Melissa McCarthy. Majasusi wakali wote wameshajulikana kwa adui, kwa hiyo anatumwa yeye wa kwenye kompyuta kwa sababu hakuna anayemfahamu. Wenzake ni suti na magari, yeye anapewa wigi na kitambulisho cha mmama mpweke, na vifaa vyake vya kijasusi wamevificha kwenye dawa za fangasi na bawasiri. Nikadhani utani utaishia hapo. Ghafla wapo jikoni, anapigana na dada mwenye kisu, sufuria na vikaango vinaruka, na ile ngumi ni ngumi kweli, unaona kabisa nani kapigwa wapi. Wapenzi wa muvi za Kihindi, huyo mwenye kisu ni Nargis Fakhri, yule wa Rockstar.

Tukafika Singida pa kula. Konda akatangaza dakika ishirini. Watu wakamjia juu: simamisha hapohapo, usiendelee mpaka turudi. Nimesafiri sana nchi hii, sijawahi kuona abiria anawahi kurudi kwenye basi na kuku mkononi kwa ajili ya muvi.

Sasa wakuu, mwageni zenu. Sharti ni vichekesho au ngumi, au vyote viwili. Na useme kwa nini uliidharau. Usije hapa na orodha tupu.

Mzee wa Mkanda

Marahaba kijana.

Nyie mna flashi. Sisi Morogoro tulikuwa na banda, deki moja, luninga moja na mabenchi ya kuazima. Nje kuna ubao wa chaki, na siku hiyo ubaoni wameandika neno moja tu: KABOI. Tukalipa tukitegemea mtu wa kofia, sigara mdomoni, maiti zinadondoka kila dakika.

Tukaletewa jamaa mchafu amelala kwenye machela inayokokotwa na farasi. Amelala! Anaingia kwenye mgahawa, anapewa kikaango cha maharage, anakula mpaka anakimaliza kwa mkate. Hakuna risasi, ni maharage tu. Nyuma yangu watu walishaanza kudai hela yao.

Halafu akatokea yule mnene mwenye ndevu. Anakupiga ngumi moja ya utosini, kwa wima, kama anapigilia msumari. Banda likanyamaza, kisha likalipuka. Wale waliodai hela ndio waliorudi jioni na wadogo zao.

Ilikuwa They Call Me Trinity, ya 1970. Wale wawili tuliokuwa tunawajua kwa majina ya Kizungu, Terence Hill na Bud Spencer, ni Waitaliano: mmoja Mario Girotti, mwingine Carlo Pedersoli. Na huyo Pedersoli mwenye kitambi, msimcheke. Mwaka 1950 alikuwa Mwitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 mtindo huru chini ya dakika moja, akaenda Olimpiki ya Helsinki 1952 na ya Melbourne 1956. Kwa hiyo ile nguvu siyo maigizo yote.

Tuliidharau kwa sababu ya ule ubao. Angeandika "vichekesho" tungekuja na moyo mwingine, na nina hakika tungecheka kidogo.

Mbishi Original

Naombeni nibishe kidogo kabla uzi haujanoga.

Mnadanganywa na njaa. Mtu akiwa na njaa, kiporo kinakuwa pilau. Mleta uzi alikuwa amechoka, kapigiwa kwaya toka Kibaha, bando limeisha, hana pa kukimbilia. Hapo ungewekewa hotuba ya bajeti ungeicheka. Mzee naye kalipa hela yake, lazima aione tamu.

Kipimo cha kweli ni kimoja: iangalie tena ukiwa nyumbani, umeshiba, unajua kinachokuja. Ikikuchekesha, nitafuta maneno yangu humu mbele ya kadamnasi.

Mchovu wa Tabata

Mbishi, changamoto imepokelewa. Jumamosi naiangalia na shemeji yako. Mrejesho utaletwa hapahapa.

Mama Wawili

Mimi ni Jumanji ya 2017. Tuliokua na ile ya Robin Williams ya 1995 tulijua wanakwenda kuchezea kaburi la mtu. Watoto wakaniburuza nikakaa nao nikiwa nimenuna. Dakika ya thelathini nacheka kuliko wao. Dwayne Johnson na lile jitu zima lote anaigiza kitoto cha shule kioga, na Jack Black anaigiza binti anayelilia simu yake. Yaani binti kabisa, mikono, midomo, macho. Iliingiza zaidi ya dola milioni 900 kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyenuna bure.

Binti Chumbageni

Habari zenu. Mimi nawaletea bibi yangu.

Tanga, nyumbani, kwenye msiba wa arobaini wageni wameshaondoka, mjomba kaleta John Wick kwenye flashi. Mimi nilikuwa nimeshasikia kwa watu: "ni muvi ya jamaa anaua mji mzima kisa mbwa." Nikacheka nikasema hiyo siyo sababu, hiyo ni ugonjwa. Na bibi ndiyo kabisa. Kwetu mbwa akipita uani na kugusa ndoo, ndoo inaoshwa kwa mchanga na maji mara saba. Akasema, "Mtu mzima, kwa mbwa? Tobaa." Akageukia ukutani na tasbihi yake.

Lakini masikio yalikuwa huku, tunamjua.

Muvi inaanza, mke wa yule bwana anaumwa, anafariki. Anazikwa. Jioni ya siku hiyohiyo mlango unagongwa, analetewa kibanda kidogo cha kusafirishia mnyama, ndani kuna kitoto cha mbwa na barua. Mke aliagiza kabla hajafa, ili mume asibaki bila cha kupenda. Mjomba alikuwa anamtafsiria bibi pole pole. Bibi akageuka mzimamzima. Akauliza, "Yaani huyo mbwa kaletwa na marehemu?" Ndiyo bibi. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ni amana."

Basi wale vijana wa Kirusi walipoingia usiku kuiba gari na kumuua yule mbwa, bibi alipiga ukelele, nadhani majirani walidhani tumepata msiba wa pili. "Wameua amana ya marehemu!" Kuanzia hapo alikuwa upande wa John moja kwa moja. Kila anayetokea kwenye skrini anauliza, "Na huyu naye alikuwepo?" Hata kama hakuwepo, mjomba anajibu alikuwepo, ili muvi iende.

Sehemu aliyocheka ni moja. Baba wa yule kijana mwizi, bosi mkubwa wa majambazi, anampigia simu mwenye gereji amuulize kwa nini kampiga mwanawe. Anaambiwa: kaiba gari la John Wick na kumuulia mbwa wake. Bosi anajibu neno moja tu, "Oh." Bibi Kizungu hajui, lakini hiyo "oh" aliielewa kuliko sisi.

Kwa hiyo Mbishi, njaa ya nini hapo? Tulikuwa tumeshiba pilau la arobaini.

Mbishi Original

Hahaha dada, kwa bibi nimenyoosha mikono. Lakini bibi ni shahidi mmoja.

Fundi Kamera

Nimesoma nikashindwa kupita. Napiga picha za harusi Arusha mwaka wa nane sasa, kwa hiyo niruhusuni niongee kama fundi.

Hiyo John Wick ya 2014 mlikuwa na haki ya kuidharau. Keanu Reeves alikuwa na miaka 50, watu wanasema jua lake limeshazama, kisa chenyewe ukikisimulia ni kichekesho kama alivyosema dada. Kitu ambacho trela haikuwaambia ni nani alikuwa nyuma ya kamera. Chad Stahelski na David Leitch. Hawa ni watu ambao kazi yao kwa miaka mingi ilikuwa kuanguka, kuruka na kupigwa badala ya mastaa. Stahelski ndiye aliyekuwa badala ya Keanu kwenye The Matrix ya 1999. Leitch alikuwa badala ya Brad Pitt kwenye Fight Club. Mtu aliyevunjwa mbavu kwa ajili ya picha anajua picha ile inatakiwa ionekaneje.

Kumbukeni ngumi za Marekani zilikuwaje miaka ile. Kamera inatikiswa kama mpigapicha ana homa, kila ngumi inakatwa vipande vitatu, unabaki unasikia sauti tu: pu, pa, kioo. Wanafanya hivyo kwa sababu staa hawezi kupigana, basi wanamfichia aibu. Mfano mbaya kuliko yote ni Taken 3, kuna mahali Liam Neeson anaruka uzio wa waya, kitendo cha sekunde chache, na picha imekatwa zaidi ya mara kumi. Uzio tu! Nilimwonesha kijana wangu wa kazi nikamwambia, ukinikatia bibi harusi hivi nakufukuza.

Na inauma kwa sababu Taken ya kwanza, ya 2008, ndiyo ilikuwa mshangao wenyewe. Neeson amewahi kusema alidhani itaishia kwenye mikanda ya kukodisha, hakuna atakayeiona. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 na kumpa kazi mpya uzeeni.

Sasa Stahelski na mwenzake wakafanya kinyume. Kamera inakaa mbali kidogo, inatulia, unamwona Keanu mwili mzima, anamwangusha mtu, anabadilisha magazini ya bastola, anamalizia. Huwezi kudanganya ukipiga hivyo. Lazima mtu awe amefanya mazoezi kweli.

Lakini kabla yao kuna walionishtua zaidi, na hapa ndipo nilipokuwa na dharau mbaya. Nilikuwa nimejaziwa muvi kwenye diski, moja imeandikwa The Raid, kava baya, lugha siielewi. Nikaiacha miezi. Siku umeme uko wa shida, laptopu ina chaji ya muvi moja, nikabofya bila kuchagua. Askari wanaingia kwenye jengo la ghorofa lililojaa wahalifu Jakarta, mwenye jengo anatangaza kwenye spika kwamba atakayewaua atakaa bure. Baada ya hapo sikumbuki kama nilipepesa macho. Mwongozaji ni Gareth Evans, mtu wa Wales, alikwenda Indonesia kutengeneza makala ya silat, mapigano yao ya asili, akamkuta kijana anaitwa Iko Uwais, dereva wa kampuni ya simu. Akamfanya steringi. The Raid ya 2011 iligharimu kama dola milioni moja na ushee tu. Kwa Hollywood hiyo ni hela ya chai ya wafanyakazi.

Chaji iliisha wakati ndugu wawili wanapigana na yule mfupi, Mad Dog, wawili dhidi ya mmoja. Nililala na hasira.

Mzee wa Mkanda

Fundi, hapo kwenye kamera kutulia umenikumbusha Jackie Chan. Yule alikuwa anaweka na vipande vya kuumia kwake mwishoni kabisa, majina yanapanda na yeye anabebwa kwenye machela. Bandani hakuna aliyekuwa anatoka mpaka aone ameumia wapi safari hii.

Kijana wa Gikomba

Niaje wasee. Hapa Nairobi tunawasoma.

Yangu ni ya nyumbani, Nairobi Half Life ya 2012. Niliidharau kwa sababu nilijua ni ile filamu ya wafadhili. Unajua zile: kijana maskini, sauti ya huzuni, mwisho unaambiwa uende shule. Rafiki yangu alikuwa na tiketi ya bure ndio nikaenda, na pia mvua ilikuwa inanyesha.

Kumbe Mwas, huyo steringi, anauza DVD za muvi za mapigano kule kijijini, na kila mteja akija anamwigizia muvi yote! Anaruka, anapiga kelele, anakufa, anafufuka. Ukumbi wote ulikufa kicheko juu kila mtu anamjua msee kama huyo. Anakuja Nairobi kutafuta kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza, analala seli, anaishia kwa genge la kuiba vipuri vya gari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku wizi. Halafu pole pole kicheko kinapungua na hukusikia kikitoka. Mwisho nilikuwa nimeshika kiti.

Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alichukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kupeleka Oscar kushindania kitengo cha lugha za kigeni. Mimi nilikuwa nimekwenda kujikinga mvua.

Na huyo Mwas si ni DJ Afro, yule wetu wa kusimulia muvi kwa Kiswahili, bila maiki? Hiyo kazi ya kuigizia watu muvi ya wengine tunaijua sote.

Nshomile KLA

Kijana wa Gikomba umenifungulia mlango. Mimi ni mtu wa Bukoba, niko Kampala mwaka wa sita kwa biashara ya vitenge, na kama jina langu linavyosema, nimesoma kidogo, hivyo mnivumilie.

Huku anayetafsiri muvi wanamwita VJ. Siku moja mteja wangu akaniambia twende tukaangalie muvi ya komando ya Uganda. Nikamwangalia kwa huruma. Who Killed Captain Alex? Imetengenezwa 2010 huko Wakaliga, mtaa wa hali ya chini hapa Kampala, na jamaa anaitwa Nabwana, bajeti haikufika dola 200. Nikasema nakwenda kwa heshima ya vitenge.

Helikopta ni za kompyuta, zinaonekana kama zimekatwa kwenye kalenda. Bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu. Moto umebandikwa. Dakika tano za kwanza nilikuwa najizuia nisicheke kwa dharau, dakika ya sita nikawa nacheka nao. Kwa sababu VJ Emmie yuko juu ya muvi muda wote anapiga kelele, anawasifu wanaokufa, anamtania steringi, anaitangaza muvi ileile unayoiangalia kana kwamba unaweza kukimbia. Na katikati ya utani wote huo, wale vijana wanapigana kung fu ya kweli. Walijifunza kwa kuangalia muvi, wanafanya mazoezi uani, wanarushana vumbini bila godoro.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Nabwana aliunda kompyuta zake mwenyewe kwa vipande vya mashine za zamani, na kwamba nakala ya awali isiyo na sauti ya VJ haipo tena, ilifutwa ili apate nafasi ya kufanyia kazi nyingine. Kwa hiyo hiyo yenye kelele ndiyo pekee iliyobaki duniani. Na watu wa Ulaya na Marekani wanaiangalia hivyohivyo, na VJ Emmie huyohuyo.

Jambo moja tu. Nimeiangalia mara tatu na bado sijui nani alimuua Kapteni Alex. Muvi haisemi.

Kijana wa Gikomba

Eti haisemi! Nimekufa.

Mbishi Original

Hapa kwa DJ naomba nitoe ushuhuda, ingawa unanivunjia hoja yangu mwenyewe.

Utotoni kuna muvi moja ya Kichina niliiona kibanda umiza, imetafsiriwa Kiswahili, mtindo ule wa Lufufu, mtafsiri wa muvi, na waliomfuata. Sitaitaja jina. Kulikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye DJ alimpa jina la balozi wa nyumba kumi, na kila akitokea anadai michango ya mwenge. Tulicheka mpaka mwenye banda anatishia kutufukuza. Miaka ishirini nimeitafuta. Mwaka jana nikaipata, safi kabisa, lugha ya asili, maandishi chini. Nikamwita na mdogo wangu.

Mzee ni mzee tu, wakuu. Anasema "mlinde binti yangu" na "nitakufa kwa heshima". Hakuna michango. Hakuna balozi. Mdogo wangu ananiangalia anauliza ni wapi pa kucheka.

Kumbe niliipenda muvi ambayo haipo.

Mama Wawili

Jamani Mbishi 😂 pole baba. Hiyo imeniuma kweli.

Mpenda Nyimbo

Napita tu: RRR, muvi ya India ya 2022, dakika 187. Niliposikia urefu nikasema hata harusi hazichukui hivyo. Mtu anatupa pikipiki kama anatupa kandambili, wanyama wanamwagwa kutoka kwenye lori kwenye sherehe ya Waingereza, halafu wanacheza Naatu Naatu, ule wimbo uliopata Oscar 2023. Na ile ikulu waliyochezea mbele yake siyo India, ni Kyiv, Ukraine, walipiga pale 2021 kabla ya vita. Siwezi tena kuiangalia ile ngoma bila kuwaza hilo.

Fundi Kamera

Nimerudi na moja, sitakaa. Nobody, ya 2021. Steringi ni Bob Odenkirk, mtu wa vichekesho, aliyeanza kwa kuwaandikia wengine utani kwenye luninga. Uso wa mhasibu. Nikasema huyu wakimpa bunduki atauliza risiti. Kuna ngumi ya ndani ya basi, yeye na walevi watano, na kilichonikamata ni kwamba anapigwa. Anapigwa sana, anarushwa nje kupitia dirishani, anarudi ndani anachechemea, na kila mtu anahema kama watu wanavyohema kweli. Alifanya mazoezi miaka miwili kwa ajili ya hiyo. Mwandishi ni Derek Kolstad, yule aliyeandika John Wick.

Mleta uzi, angalia tu usiiweke kwenye basi.

Mchovu wa Tabata

Hahaha, fundi, konda atashuka.

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Jumamosi, saa mbili usiku, tumekula, watoto wamelala, umeme upo. Nimemkalisha mke wangu bila kumwambia kitu. Kosa la kwanza: sikumwambia kwa mdomo, lakini kila kichekesho kikikaribia nilikuwa namgeukia usoni. Akaniambia, "Ukiniangalia tena naenda kulala."

Mbishi, una nusu ya haki. Nusu saa ya kwanza ambayo kwenye basi niliilalia, nilifanya vizuri kuilalia. Inakokota. Na kuna mizaha mingi ambayo ni matusi tu, mtu anamtukana mwenzake kwa muda mrefu, kwenye basi yalikuwa yanamezwa na injini. Nyumbani yanasikika yote, nikawa napunguza sauti kwa ajili ya mama mwenye nyumba.

Lakini Statham alipoanza ule mkono wake kung'oka, mke wangu alicheka mpaka akamwaga juisi, na mimi niliyekuwa nalijua neno kwa neno nikacheka zaidi ya siku ile. Na jikoni kule, ile ngumi, safari hii niliona kitu ambacho sikukiona: mama anaogopa. Anapiga huku anaogopa, anaokota chochote kilicho karibu. Mke wangu akasema hivyo ndivyo mtu anavyopigana na mwizi nyumbani kwake kweli, anashika cha karibu. Yeye aliwahi kumpiga mwizi na mwiko, hiyo ni stori ya uzi mwingine.

Akaniuliza kama kuna sehemu ya pili. Hakuna.

Mbishi Original

Nafuta maneno yangu, nusu. Ile nusu nyingine naibakiza kwa ajili ya heshima.

Hiyo ya mwiko ifungulie uzi.

Mzee wa Mkanda

Nami nimeitafuta ile Trinity nikaiangalia jana na wajukuu. Wakati wa maharage mdogo kauliza, "Babu, kwani hana mama?" Sijui kwa nini nimecheka peke yangu mpaka leo asubuhi.

Nshomile KLA

Dada wa Chumbageni, bibi kaangalia za mbele? Ziko mpaka ya nne.

Binti Chumbageni

Kaangalia ya pili Jumapili. Anadai kupigana kumezidi na amana hakuna. Lakini mwisho wa ile ya kwanza John anachukua mbwa mwingine kutoka kwenye hospitali ya wanyama, na huyo anaendelea naye kwenye ya pili. Bibi akauliza jina lake nani. Mjomba akamwambia hana jina. Kuna mahali yule bwana wa hotelini anamuuliza John, na John anajibu hana.

Bibi hakupenda. Kasema mtu kuishi na kiumbe nyumba moja asimpe jina ni kiburi. Kwa hiyo kwetu anaitwa Popi, na ya tatu hataki ianzishwe mpaka mjomba amhakikishie kwamba Popi hafi.